Mashine ya Kuchomelea Iliyotumika: Kazi Itangulie, Jaribio Lifuate, Malipo Yawe Mwisho

Matini ya mada kuhusu ununuzi na matumizi ya mashine za kuchomelea zinazoendeshwa na injini ya dizeli, kwa ajili ya mafundi, vikundi vya uzalishaji mali na wakazi wa kata



Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa miti, chai, viazi na parachichi. Hakuna hata zao moja kati ya hayo linalofika sokoni bila msaada wa chuma. Tela la kubebea magunia, fremu ya msumeno wa dingidongi huko msituni, milango ya maghala na jembe la trekta, vyote huvunjika na vyote hungoja fundi. Mji wa Makambako una sababu ya ziada. Hapo ndipo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapokutana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, na hapo ndipo ilipo stesheni ya reli ya TAZARA. Malori hupita usiku na mchana, na chasisi iliyopasuka haichagui mahali pa kupasukia.

Umeme wa gridi umesogea sana. Njia kubwa ya umeme ya Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nguzo katika vijiji vingi. Hata hivyo, nguzo hufika kijijini, wala hazifiki katika kila shamba, kila kitalu cha miti na kila kona ya barabara. Kwa kazi za mahali hapo, mashine ya kuchomelea yenye injini yake yenyewe ya dizeli ni msaada mkubwa. Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, mafundi wengi hutafuta iliyotumika: iliyoingizwa kutoka Japani au Ulaya, iliyopatikana katika maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au iliyoachwa na mkandarasi aliyemaliza mradi.

Ununuzi wa namna hiyo umewainua mafundi wengi, na pia umewafilisi wengine. Kinachowatofautisha ni maandalizi kabla ya fedha kutoka mkononi. Mada hii inaeleza maandalizi hayo, kisha matumizi salama ya mashine yenyewe.

KWANZA: KAZI IPO?

Swali la kwanza si bei ya mashine. Swali la kwanza ni saa ngapi kwa mwezi mashine hiyo itafanya kazi mahali pasipo na umeme. Fundi ambaye kazi zake zote ni milango na madirisha katika karakana yenye umeme hana sababu ya kununua injini. Injini ndogo ya dizeli huzalisha takriban uniti 3 za umeme kwa lita moja. Kila mmoja anaweza kupiga hesabu hiyo nyumbani: achukue bei ya uniti moja anayolipa, aizidishe kwa 3, kisha ailinganishe na bei ya lita ya dizeli inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Tofauti atakayoiona ndiyo gharama ya kuwa mbali na nguzo, na mteja aliye mbali na nguzo ndiye anayepaswa kuilipa.

Tuseme kikundi kimenunua mashine kwa shilingi milioni 6 na kinataka kuirudisha fedha hiyo katika miezi 24. Hiyo ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Mashine ikifanya kazi saa 100 kwa mwezi, kila saa inabeba shilingi 2,500 za bei ya mashine. Ikitumia lita 2 kwa saa, na lita ikiwa shilingi 3,000, mafuta ni shilingi 6,000. Akiba ya matengenezo iwe shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 9,500 kwa saa, kabla ya vijiti vya kuchomelea, usafiri na ujira wa fundi. Sasa kazi zikipungua hadi saa 40 kwa mwezi, mzigo wa bei ya mashine peke yake unapanda hadi shilingi 6,250 kwa saa. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke zake. Jambo linalobaki ni lilelile: mashine isiyo na kazi ni ghali kuliko mashine ya bei kubwa yenye kazi.

PILI: KUISOMA MASHINE

Kila mashine ina kibati chenye maelezo yake. Kibati kilichong'olewa au kufutwa ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali zaidi.

Jambo la kwanza kusomwa ni ampea. Kijiti cha geji 12, yaani milimita 2.5, huhitaji takriban ampea 60 hadi 90. Kijiti cha geji 10, cha milimita 3.2, huhitaji takriban ampea 90 hadi 130. Kijiti cha milimita 4, kinachotumika kwenye chasisi na vyuma vizito, hudai ampea 130 hadi 180. Fundi aangalie kijiti kikubwa anachokitumia mara kwa mara, kisha atafute mashine inayokibeba bila kuchoka.

Jambo la pili ni asilimia ya muda wa kazi. Mashine iliyoandikwa ampea 200 kwa asilimia 60 ina maana kwamba katika kila dakika 10 inaweza kuchomelea dakika 6 kwa ampea hizo, na dakika 4 zilizobaki ipumzike. Wauzaji wengi hutaja ampea na kunyamazia asilimia, ilhali mashine mbili za ampea 200, moja ya asilimia 60 na nyingine ya asilimia 20, si mashine sawa hata kidogo.

Jambo la tatu linawahusu zaidi wanunuzi wa mashine zilizotoka nje, nalo ni soketi za pembeni ambazo fundi hutegemea kuchomekea grinda na drili. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Japani hutumia volti 100 majumbani, na nchi hiyo imegawanyika: upande wa mashariki, ulipo mji wa Tokyo, ni hezi 50, upande wa magharibi, ulipo mji wa Osaka, ni hezi 60. Mashine kutoka Japani, kama zile za Denyo ambazo nyingi huendeshwa na injini za Kubota, mara nyingi huwa na soketi za volti 100 na za volti 200 za njia tatu. Mashine za maeneo ya ujenzi nchini Uingereza huwa na volti 110. Grinda iliyonunuliwa Njombe mjini ikichomekwa kwenye soketi ya volti 100 haitakuwa na nguvu ya kukata chochote. Mnunuzi apime volti za soketi kwa mita mashine ikiwa inaunguruma. Zikiwa pungufu, gharama ya transfoma ya kupandisha volti iingizwe katika mazungumzo ya bei. Kuchomelea kwenyewe hakuathiriwi na jambo hili, lakini fundi asiye na grinda shambani ni fundi nusu.

Mashine kubwa mno nayo ina hasara. Injini ya ampea 400 inayotumika kuchomelea madirisha kutwa nzima hufanya kazi nyepesi isiyoipasha joto la kutosha. Mafuta hayaungui vizuri, masizi hujaa kwenye nozeli na kwenye bomba la moshi, na injini huzeeka kabla ya wakati wake.

TATU: MWINUKO WA NJOMBE

Njombe mjini upo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako upo zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya dizeli isiyo na tabo huishi kwa hewa inayoivuta yenyewe. Kwa makadirio ya mafundi wa injini, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini iliyojaribiwa kando ya Bahari ya Hindi hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake ikifika Njombe mjini.

Hii ndiyo sababu mashine iliyochomelea vizuri kijiti cha geji 10 jijini Dar es Salaam huanza kutoa moshi mweusi na kupunguza mwendo ikifikishwa huku. Mashine haijaharibika njiani, wala muuzaji huenda hakudanganya. Mnunuzi hakuacha nafasi ya mwinuko. Anayehitaji ampea 150 huku juu asinunue mashine inayofika ampea 150 pwani kwa taabu. Na inapowezekana, mashine iliyokwisha kufika Njombe au Makambako ijaribiwe hapahapa.

NNE: UKAGUZI NA JARIBIO

Mnunuzi aende asubuhi, akiongozana na fundi wa injini na fundi umeme, na amweleze muuzaji mapema kwamba injini isiwashwe kabla hajafika. Akifika, aguse injini kwa mkono. Injini iliyokuwa moto imeandaliwa. Baridi ya asubuhi ya Juni na Julai katika mkoa huu ni mkaguzi mzuri kuliko mashine nyingi za kupimia: injini yenye ringi zilizochoka, plagi za kupasha zilizokufa au betri dhaifu haitaweza kuficha hali yake.

Kabla ya kuwasha, achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Afungue rejeta na kuangalia kama kuna utando wa oili juu ya maji. Atazame chujio la hewa. Mashine iliyofanya kazi kwenye vumbi bila chujio imekula silinda zake.

Injini ikiwaka, moshi usomwe. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni kawaida, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, mafuta hayaungui au maji yanaingia. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mzigo kuzidi, nozeli mbovu au hewa pungufu. Kisha kifuniko cha oili kilegezwe kwa uangalifu: hewa ikitoka kwa kishindo, ringi na silinda zimechoka. Geji ya saa za kazi isomwe, ila isiaminiwe peke yake, kwa sababu geji hubadilishwa. Pedali, swichi na holda zilizolika husema ukweli zaidi kuhusu umri wa mashine.

Upande wa umeme, fundi akague brashi za kaboni na mahali zinaposugua, asikilize beringi, na apime kihami cha waya za koili ili kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Zipo mashine ambazo zikikaa muda mrefu bila kazi hupoteza usumaku unaobaki kwenye chuma chake, injini ikawaka na umeme usitoke. Tatizo hilo hutibika kwa betri na fundi anayejua, lakini dalili hiyohiyo hutolewa pia na koili iliyoungua. Maneno ya muuzaji kwamba "ni kitu kidogo tu" yasikubaliwe mpaka kitu hicho kidogo kirekebishwe mbele ya mnunuzi.

Jaribio la mwisho ni kazi. Mnunuzi aje na vijiti vyake na bamba nene la chuma. Achomelee vijiti kadhaa mfululizo kwa ampea atakazozitumia, si kijiti kimoja cha kuonyeshana. Baada ya nusu saa mashine ikiwa imepata moto, mwendo usiyumbe, moto wa kijiti usikatike, na ampea zisishuke. Mashine nyingi huonyesha tabia njema zikiwa baridi.

TANO: NYARAKA

Mashine za namna hii huibwa katika maeneo ya ujenzi, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Mnunuzi adai risiti ya EFD kutoka kwa mfanyabiashara, na nyaraka za forodha kwa mashine iliyoingizwa nchini. Ikiwa muuzaji ni mtu binafsi, pawe na mkataba wa maandishi wenye namba ya injini, namba ya mashine, bei, tarehe, majina kamili na saini za pande zote mbili pamoja na mashahidi. Namba hizo zilinganishwe na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Muuzaji anayekataa mkataba amekwisha kujibu swali.

SITA: MATUMIZI NA MATUNZO

Siku ya kwanza baada ya kununua, oili na machujio yote yabadilishwe, hata kama muuzaji amesema alibadilisha juzi. Baada ya hapo, oili ibadilishwe kadiri ya kitabu cha injini, na kisipokuwepo, kila baada ya saa 100. Maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yatolewe kila asubuhi. Kila kikundi kiwe na daftari la mashine: saa za kazi, lita za mafuta, tarehe ya oili, na jina la aliyeitumia. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama mashine inaingiza faida au inakula mtaji.

Kwa mafundi wanaotengeneza malori, nyaya za betri ya gari zifunguliwe kabla ya kuchomelea, na kibano cha ardhi kifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kikifungwa mbali, umeme hupita kwenye beringi na vifaa vya gari na kuviharibu. Tangi au pipa lililowahi kubeba mafuta lisichomelewe, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki hulipuka.

Msituni na shambani wakati wa kiangazi, nyasi na vumbi la mbao viondolewe, maji au mchanga viwe karibu, na mtu abaki kuangalia eneo hilo kwa muda baada ya kazi kwisha. Cheche moja inaweza kuteketeza shamba la miti lililomea kwa miaka 15.

SABA: UHAI WA FUNDI

Wakazi wa Njombe wanajua hatari ya kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wa injini ya dizeli nao una hewa hiyohiyo yenye sumu. Mashine isiwashwe ndani ya karakana iliyofungwa, hata baridi iwe kali kiasi gani. Injini ibaki nje, na nyaya ndizo ziingie ndani.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bomba lenye zinki likichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku uleule. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini kuwa yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huingia tumboni, wala hayafiki kwenye mapafu. Kinga ni kufanya kazi mahali penye hewa inayopita, kusimama upande ambao upepo haukuletei moshi usoni, kukwangua zinki kabla ya kuchomelea, na kuvaa barakoa ya kazi hiyo.

Miwani ya jua si kinga ya macho. Kwa ampea za kawaida, kioo cha kofia kiwe namba 10 au 11. Macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Vipande vya viazi juu ya macho hupoza kidogo, lakini havitibu. Mgonjwa aende kituo cha afya. Watoto wasikae kutazama moto wa kijiti; fundi aweke pazia.

Mvua ikinyesha, kazi isimame. Umeme wa holda wakati kijiti hakijagusa chuma huweza kufika volti 60 hadi 90, na kwa mtu mwenye glavu zilizolowa aliyesimama kwenye matope kiasi hicho kinaweza kuua. Kwa waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai mfanyakazi apewe vifaa vya kinga, na kijana anayejifunza kazi naye ni mfanyakazi.

NANE: MTAJI

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu uboreshwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachotaka mashine kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kikiwa na hesabu ya saa za kazi, orodha ya wateja na taarifa ya ukaguzi wa mashine. Kukosa riba hakuondoi wajibu wa kurejesha. Mashine ikifa mwezi wa pili, deni huendelea kuishi, na kikundi kinachofuata katika foleni hukosa fedha. Kwa mafunzo ya kuchomelea zipo VETA, na kwa ushauri wa biashara na teknolojia lipo SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973.

Ndugu wananchi, mashine iliyotumika si aibu wala si kamari. Ni chombo chenye historia, na kazi ya mnunuzi ni kuisoma historia hiyo kabla ya kuilipia. Anayehesabu saa za kazi, anayeacha nafasi ya mwinuko, anayejaribu asubuhi kwa vijiti vyake mwenyewe na kudai maandishi, hujiwekea msingi wa kazi itakayolisha familia yake na kuhudumia kata yake. Asiyeridhika na jaribio aondoke na fedha yake mfukoni. Mashine nyingine itapatikana.